Wavu Uliogeuka Jaa

Jumamosi. Mvua ilianza kabla ya adhuhuri na mpaka sasa haijakata. Nguo zangu ziko kwenye beseni, na harufu ya mfereji haijanitoka puani. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Leo nimeukata wavu wetu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: sisi ni kikundi cha kujitolea hapa Kisauni. Mfereji unaopita Magogoni hubeba taka za mitaa mpaka kwenye mikoko, kule hori la bahari linapoingia. Mwaka jana tulishona nyavu kuukuu za wavuvi, tukazifunga mdomoni mwa mfereji: maji yapite, taka zibaki. Nguzo ni mabomba ya chuma kutoka dukani kwangu, duka nililolisimamisha baada ya miaka ya kusukuma madumu ya maji kwa mkokoteni. Sikuyatoa ili nipigwe picha. Nilichoka kuona ndege aina ya yangeyange wakitembea juu ya plastiki wakitafuta kaa wasiokuwepo.

Na wavu ulifanya kazi, wallahi. Kaa walirudi. Miche tuliyopanda ikashika. Tukawa tunatoa magunia sita kwa wiki.

Halafu yakawa ishirini.

Hesabu hiyo ilinikera. Watu hawajaongezeka mara tatu, na wakati huo ilikuwa kiangazi, hakuna mvua ya kuzisomba taka. Asubuhi moja nikaenda kusimama pale nione. Wa kwanza kutokea alikuwa Bi Zuhura, mwenye nyumba ya mwisho kando ya mfereji, na mfuko wa nepi za mjukuu wake mkononi.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaletea." Akautia wavuni taratibu, kama anayeweka sadaka. "Zamani nilikuwa natupa tu mferejini. Sasa nasema, mbona niwasumbue watoto wa watu? Heri niwafikishie mpaka pao."

Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa akitusaidia!

Nyuma yake akaja jamaa wa mkokoteni, anayelipwa na nyumba kadhaa kuzoa taka. "Bosi, leo mzigo umeshiba. Jipangeni," akaniambia, akamwaga wote.

Nililipeleka jambo hili mkutanoni. Mwenyekiti akacheka: "Si ndio ustaarabu huo? Watu wameacha kutupa ovyo." Tukafunga kikao kwa dua na soda.

Basi leo mvua imekutana na bamvua. Maji ya mitaani yanashuka, na bahari iliyojaa kuliko kawaida inayasukuma yarudi. Nikawapigia wanachama wote. Tuko kumi na wanne, tulifika watatu. Tulitoa taka mpaka vidole vikafa ganzi, lakini wavu ulikuwa umeziba kama ukuta. Maji yakapanda barazani kwa Bi Zuhura. Yakavuka kizingiti. Ndani nikasikia mtoto analia, na bibi yake akiita majirani waje wamsaidie kunyanyua godoro.

Ama nyumba, ama mikoko.

Nikakata kamba. Taka za juma zima zikateremka kwa mpigo mmoja, zikalala juu ya miche yetu. Bila wavu zingepita kidogo kidogo kama zamani. Sisi tumeziweka akiba, kisha tukazipeleka kwa jumla.

Maji yalipopungua, Bi Zuhura alitoka na fagio, akanishika mkono. "Allah akuweke, mwanangu." Akautazama mfereji uliobaki wazi. "Sasa mfuko wangu wa kesho niupeleke wapi?"

Gari la taka halijawahi kufika mtaa wetu, na katika vikao vyetu vyote hatukuwahi kuuliza swali hilo.

Sasa hivi kwenye kundi letu la WhatsApp mwenyekiti, ambaye leo alikuwa na dharura, ameandika: Tununue wavu mkubwa zaidi. Madole gumba kumi na moja tayari.

Nimeandika nikafuta, nikaandika tena, nikatuma: Mabomba yangu nayang'oa kesho. Wavu mwingine tutaufunga siku Bi Zuhura atakapokuwa na pa kupeleka mfuko wake. Anayetaka kulitafuta jawabu hilo, aje tuanze na wenye mikokoteni.

Wote wamesoma.

Kesho maji yakipwa nashuka na spana, wawepo wasiwepo.