Ndama wa Peris Si Ndama Tena

S.L.P. 214,
Naitiri.
14 Septemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Wangila,

Pokea salamu zetu zote, wewe kwanza, kisha wifi yangu Wamboi, kisha Peris wetu. Mgongo wako unaendeleaje? Na baridi ya huko Kanada, imeanza kuuma au bado inanoa meno? Sisi hatujambo kiasi. Mvua ipo, mahindi yamekomaa, na shemeji yako Khaemba bado anakoroma kama mashine ya kusaga unga.

Usishangae kuona nimeandika kwa mkono. Nikikupigia simu Mama hukaa kando yangu akisikiliza kila neno, na kuna mambo amenikataza kukuambia. Judy ataipiga picha karatasi hii akutumie. Isome ukiwa umeketi.

Juzi ulisema mnasogeza safari ya Desemba hadi Agosti mwaka kesho. Ukaongeza kwamba Peris hana haraka, kwa kuwa ndama wake bado ni mdogo na atamngoja. Wangila, maneno hayo yalinichoma. Nakuomba mje Desemba, mje na mtoto. Hebu nikueleze kosa langu, maana ndilo lililowafanya mdhani kuna muda.

Unakumbuka Peris alipotimiza miaka sita Mama alimpa ndama jike aliyezaliwa siku ya mvua, tukamwita Nafula. Mama hataki mjukuu wake awe mgeni hapa, na kwa hesabu yake mtoto mwenye ng'ombe kwenye boma ana kwao. Kwa sababu Kiswahili cha Peris hakivuki "jambo", mimi nikapewa kazi ya kumwandikia habari za mnyama wake kwa Kiingereza. Mimi Edinah, niliyepata D ya Kiingereza ukanicheka mwaka mzima!

Basi nikakaa na binti yangu Judy na kamusi yake ya shule. Wazungu hao wana bidii! Mtoto wa mbuzi ana jina lake, wa paka lake, wa simba lake, hata kuku hawakumsahau. Ndama ni "calf", hapo hatukubishana. Lakini mwaka jana, Nafula alipokuwa mtamba wa kupandishwa, Judy aliniambia, "Mum, si hiyo sasa ni heifer, bana. Calf ilikuwa ya kitambo." Tukaingia mpaka kwa binadamu, nani ni "child" na nani ni "youth". Hapo tulicheka tukakaa chini, maana mwenyekiti wa youth kanisani kwetu ni Muturi, na Muturi ana mvi na binti aliyeolewa Kimilili.

Mimi nilitaka kuandika hilo neno la mtamba. Mama akanishika mkono. "Wewe Edinah, mtoto atapenda aje kitu kubwa hajawahi ona? Andika ile ndogo." Nikaandika ile ndogo, na barua iliyofuata vilevile. Peris alipoomba kumwona Nafula kwenye video, nilimtuma Judy na simu kwa jirani yetu Kimotho. Yule ndama Peris aliyembusu kwenye kioo ni wa Kimotho. Usimkasirikie Judy, ni mimi niliyemtuma.

Ukweli ni kwamba Nafula sasa ni ng'ombe mwenye pembe. Alizaa mwezi wa saba, ndama jike mwenye baka jeupe kipajini. Hajapewa jina kwa sababu mwenye kumpa jina yuko kwenu.

Na sharti la Mama unalijua. Ng'ombe wa mtoto akizaa mara ya kwanza, maziwa yake hayaingii chai ya nyumba hii mpaka mwenyewe ayaonje. Si wewe uliitwa kutoka shule ya bweni kuja kunywa kikombe kimoja, ukarudi siku hiyohiyo? Sasa maziwa ya Nafula wanapewa watoto wa majirani, ndama wake amenyonya mpaka tumbo ni ngoma, na sisi tunakunywa turungi, chai isiyo na tone la maziwa. Mimi nikizidiwa huenda kwa Kimotho kuomba chai yenye rangi ya chai. Mama hataki hata ya Kimotho. Anasema akionja maziwa mengine atakuwa amemtangulia Peris.

Sasa nifike pale nilipokatazwa. Tangu Juni Mama hana nguvu. Tulimpeleka Kitale, daktari akasema moyo umechoka, akampa dawa, akamsihi ale vizuri na anywe maziwa. Umesikia hilo la maziwa? Miguu imevimba, na zizini hafiki tena. Ukipiga simu tunamfunga kile kitambaa cha buluu, tunamketisha vizuri, unaona uso peke yake unasema Mama hazeeki. Nami nakaa kimya. Ukiuliza, nakwambia ni mafua, ni uchovu kidogo tu. Nilizoea kumchagulia Peris neno dogo, nikaanza kukuchagulia na wewe. Ule uongo wa ndama unanichekesha, lakini huu wa Mama unaniumiza, ndugu yangu, na ninaogopa.

Jana nilimwambia Mama kwamba sasa namwandikia Peris ukweli kuhusu Nafula. Nilidhani atanigombeza. Alivuta shuka miguuni.

"Andika," akasema. "Mwambie ng'ombe yake imezaa. Mwambie kukhu yake, huyu nyanya yake, ako." Nilipoinuka kutafuta kalamu akaniita tena. "Lakini hiyo mambo ya Agosti usiandike, Edinah. Agosti ni mbali."

Hajawahi kusema hivyo, Wangila. Yeye ambaye kila msimu hukopesha watu mbegu akisema watarudisha mwaka kesho.

Khaemba na Judy wanawasalimu sana. Jepkemboi mliyesoma naye alipita akitoka Moi's Bridge, naye anakusalimu, anauliza kama bado unaogopa bata. Mwenyezi Mungu alinde kazi ya mikono yako, ampe Wamboi afya, na awafungulie njia ninyi watatu mapema. Jibu kwa maandishi, usipige simu. Niandikie tarehe tu, nimsomee Mama.

Dada yako akupendaye, ingawa ni mwongo,

Edinah