Kisima Kilichochimbwa Kwenye Tovuti

Mpendwa Dada Muzdalifa, naomba unisaidie maana tangu Jumatatu chakula hakipiti. Mimi nimeajiriwa na shirika dogo la maji hapa Bariadi, kazi yangu ni kuweka habari kwenye tovuti yetu, na siku hiyo nilikuwa najaribu ukurasa mpya, nikaandika habari ya kubuni tu nione herufi zinakaaje, "Wananchi wa Ipililo wafurahia kisima kipya", nikaweka na picha ya kisima cha watu wengine, nikataka kubonyeza "Hifadhi rasimu", kidole kikaenda kwenye "Chapisha", na umeme ofisini ukakatika hapohapo.

Uliporudi saa tisa, mkurugenzi wetu Bwana Januarius alikuwa ameshapokea simu tatu za pongezi, nikamwambia, "Bosi, hayo ni makosa yangu, naifuta sasa hivi," akanitazama kama nimemtukana, akasema, "Unafuta maendeleo? Ongeza picha!" Nikaongeza, Dada, nakiri, akaniambia niandike pia kwamba kinahudumia kaya mia sita, nikaandika, na sasa wafadhili wameisoma na Alhamisi wanakuja kuzindua.

Ila kinachoninyima usingizi ni Mzee Mayige wa Ipililo, binti yake alimsomea ile habari, akanipigia kwa namba iliyo kwenye tovuti, akanisalimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu, habari za asubuhi, mama. Hicho kisima kiko upande gani? Tumezunguka na punda tangu asubuhi hatukioni." Nikamjibu mtandao unasumbua. Sasa bosi anataka nirudishe tarehe nyuma ionekane tulichimba mwaka jana kikakauka, nikikataa nafukuzwa, nikikubali sijui nitamtazama nani usoni. Nifanyeje?

Minza, Bariadi

Minza, pole. Kubonyeza pasipo penyewe ni jambo la kawaida. Mimi niliwahi kumtumia shemeji yangu ujumbe uliokusudiwa mume wangu, na bado tunasalimiana. Kosa lako ni kaya mia sita. Hizo uliziandika kwa vidole vyote kumi, macho yakiwa wazi. Halafu unamwambia mzee mwenye punda wenye kiu kwamba mtandao unasumbua! Mtandao ulifanya kazi siku hiyo kuliko ofisi yenu nzima.

Tarehe usiiguse. Tovuti za namna hiyo hutunza kumbukumbu ya kila badiliko: nani kaandika, saa ngapi, mwanzo ilisomekaje. Na jina lililomo humo ni lako. Januarius ameagiza kwa mdomo tu.

Leo hii, kwenye ukurasa uleule, weka masahihisho: kisima hakipo, habari ilikuwa ya majaribio, tunaomba radhi. Usifute kimyakimya. Mwandikie bosi kumjulisha, ili akitaka kukukemea akukemee kwa maandishi. Kisha mpigie Mzee Mayige kabla hajatoka tena na punda wake, umwombe radhi kwa sauti yako. Na kuanzia sasa anayeandika habari asiwe yeye anayeichapisha. Mwenzake aisome kwanza.

Nyongeza: Minza alinipigia jana. Masahihisho ameyaweka. Wafadhili wanakuja vilevile, ila wamesema wanataka kuonyeshwa watu wa Ipililo wanachota wapi maji kwa sasa. Bwana Januarius amemnyang'anya Minza neno la siri, tovuti anaishika mwenyewe, na mpaka gazeti hili linakwenda mitamboni alikuwa bado anatafuta kitufe cha kufuta.