Mkebe Ambao Hukuunusa

Kibet, mtoto wa dada yangu,

Nimeketi hapa kwangu Langas na kalamu mkononi, sijui nianzie wapi. Mimi anko wako. Mimi niliyemshika nyati pembe kule msituni mpaka akaomba njia apite. Leo chai imepoa mbele yangu na sijaigusa, na unajua mimi na chai.

Jana tulikufanyia ibada ya ukumbusho huko Soy, kwa nyanya yako Kogo. Watu walijaa hemani. Msalaba wako sasa umejengewa simiti. Nilikuwa nimeahidi fahali, nikaleta mbuzi, lakini alikuwa mbuzi wa kutisha, kuna wageni walimwita ndama. Hayo tuyaache. Acha nikwambie kilichonitoa roho.

Asubuhi, kabla ya wageni kufika, nilimkuta mama yangu, Kogo wako, ameketi nyuma ya jikoni na mkebe wa maziwa katikati ya magoti. Si kibuyu. Ule mkebe wa aluminiamu wa kupeleka maziwa kwa kituo. Alikuwa na kijinga cha mti wa senetwet mkononi, anapaka makaa ndani, vile tunavyotengeneza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kulala. Nikamwambia, Mama, huo ni mkebe, si kibuyu. Hakuinua hata macho.

"Ulikuwa unanuka uvundo," akasema. "Kibet alinikataza. Alikuja akapiga magoti hapo ulipo, akaniambia, Kogo, tafadhali, mkebe wa kituo usiupake makaa tena. Hakusema kwa nini. Lakini leo maziwa ni ya wageni wake, hatakasirika."

Nikamuuliza hiyo ilikuwa lini.

"Wakati ule maziwa yalimwagwa. Kabla hawajakuchukulia Kibet."

Alisema hivyo, "hawajakuchukulia", kana kwamba polisi walikuja kunipora mimi. Nikakaa juu ya kuni.

Kwa sababu mimi nakumbuka vizuri, Kibet. Wewe ndiye ulikuwa unapokea maziwa ya wakulima pale kituoni. Kila mkebe unafungua, unanusa, unapima, ndio unamwaga kwa tangi. Siku ile kiwanda kikarudisha tangi lote, kikasema maziwa yana harufu na chembe nyeusi. Chembe nyeusi. Jasho la kijiji kizima likamwagwa kwa mtaro. Mwenyekiti wa ushirika akasema umetia dawa ili maziwa yasiharibike njiani, polisi wakaja, na wewe ukanyamaza kama jiwe la mto. Sisi tukadhani ni woga. Kumbe ulikuwa umeshaenda nyumbani, ukanusa mkebe, ukajua ni makaa ya Kogo.

Nikamuuliza Mama swali moja tu. Kibet alikuwa ananusa mkebe wako? Akaniangalia kama nimemtusi. "Mimi? Anuse mkebe wangu mbele ya watu, kama mimi ni mchafu? Huyo mtoto alikuwa na adabu. Alikuwa ananisalimu 'Chamgei, Kogo,' anamwaga."

Basi hapo ndipo makaa yalipopita. Pua moja iliyoona haya.

Unakumbuka siku ile korti ilikuachilia? Mimi nimewaambia watu wa Langas kwamba nilisimama nikamtolea hakimu Kiingereza mpaka akavua miwani. Wewe unajua nilikuwa benchi ya nyuma. Hakimu alisema hakuna ushahidi, tangi lilioshwa kabla mtu yeyote hajachukua maziwa ya kupima, nenda. Nikakubeba mabegani mpaka nje, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikasema tumeshinda. Na wewe ukatafuna polepole ukaniambia, "Anko, hatujashinda. Tumetoka tu."

Ukasema Kiingereza cha korti kina maneno manne ya kutoka. Nikakucheka. Nikasema Mzungu ana maneno mengi ya kitu kimoja. Mimi wa darasa la sita naona mtu yuko ndani au yuko nje. Ukaniambia hapana, ng'ombe wote wanaweza kuwa nje ya boma, lakini mmoja amefunguliwa na mwenyewe, na mwingine ni kamba ilikatika. Ukanipangia. Kuna discharge: nenda nyumbani, lakini tunaweza kukuita tena. Kuna acquit: kesi imeisha, hairudi, kwa sababu waliokushtaki wameshindwa kuonyesha ni wewe. Kuna pardon: ulifanya, hata wewe unajua ulifanya, lakini tumekuachia. Halafu ukasema kuna exonerate. Hapo ukweli wenyewe umepatikana, na mzigo unatolewa mgongoni kila mtu akiona haukuwa wako.

Nikakuuliza, sasa wewe ni gani? Ukasema, "Mimi ni acquit, Anko. Hiyo ya mwisho sijafika."

Nikaona ni maringo ya form four. Lakini uliporudi Soy hakuna aliyekupa mkebe wake tena. Walikuwa wanakusalimia vizuri, wanakuongezea, "Mungu ni mwema, ulitoka." Ulitoka. Ukaenda kuvunia watu mahindi kwenye mvua, mapafu yakashikwa, na ukaondoka ukiwa na lile neno la tatu kutoka mwisho, au la pili, nachanganya. Najua tu halikuwa la mwisho. Na la mwisho ulikuwa nalo kifuani muda wote. Ungelitoa kwa kumtaja Kogo. Ungesema jina moja tu. Kibet, ulikuwa mtu wa aina gani?

Sasa sikia ya ibada. Mwenyekiti akasimama, kofia mkononi, akasema, "Sisi kama wakulima, yale ya maziwa tumemsamehe kijana wetu." Watu wakasema amina. Na mimi nikasikia lile somo lako lote la mahindi ya kuchoma likinipanda kichwani. Kusamehe ni pardon. Walikuwa wanakuzika mara ya pili na kosa ambalo si lako, tena kwa upole.

Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo wakaanza kucheka. Mzee Rotich wa jirani akaniambia, "Haya, tuambie tena ya nyati." Nikasema ilikuwa makaa, si dawa. Wakacheka zaidi. Kibet, maisha yangu yote nimesema uongo na watu wakaegemea mbele kusikiliza. Siku ya kwanza nimesema ukweli, naonekana mwongo. Na kumtaja Mama nilishindwa. Ningewezaje, kama wewe ulikubali pingu kuliko kumtaja?

Yeye ndiye aliinuka. Sijui kama alikuwa ameelewa pale kwa kuni, au alielewa hapo akiniangalia nikihangaika. Alitembea na fimbo yake mpaka jikoni, hema zima likimngoja, akarudi ameukumbatia ule mkebe. Akauweka mbele ya Mwenyekiti, akafungua kifuniko.

"Nusa," akamwambia. "Wewe huna nyanya hapa. Nusa."

Mwenyekiti akainama. Akakaa ameinama. Alipoinuka alikuwa amevaa kofia bila kujua, na mbele ya msalaba, mtu wa kanisa kama yeye.

"Ni mimi," Mama akasema. "Huyu mtoto mnamsamehe nini?"

Hapo nikawapa maneno yako kama ulivyonipa. Nikasema, kwa hiyo dawa mliyomsingizia, ni exonerate, na Mwenyekiti alitamke yeye mwenyewe, kwa lugha yoyote anayojua. Kwa kutonusa mkebe wa nyanya yake, hapo mkosaji ni yeye kweli, hapo msameheni, yeyote aliye na nyanya.

Mwenyekiti akavua kofia tena. Akasema, "Kibet hakutia kitu. Tulimbebesha." Akarudia kwa sauti ili walio nje ya hema wasikie. Dada yangu akafunika uso kwa leso, mabega yanatingika. Mzee Rotich alikuja kunishika mkono na hakutaja nyati.

Mama ameniachia ujumbe wa kukuletea. Anasema yule kijana mpya wa kituo ameambiwa mkebe wa Kogo ndio uwe wa kwanza kunuswa kila asubuhi, mbele ya wote. Anasema usione haya tena kwa niaba yake.

Lala, mwanangu, mgongo ukiwa mwepesi. Mimi nitaendelea kuwadanganya watu wa Langas kuhusu nyati, hiyo siachi, ndiyo mali yangu. Lakini kisa chako nakuahidi nitakipeleka kila mahali kama maziwa ya kituo. Sitakitia hata tone la maji.

Ni mimi,
Anko wako.