Kidonda cha Zuhura Kinakula

Dada Mwanaidi, shikamoo. Nakupigia hodi hapo Sindeni kutoka wodini Korogwe.

Unakumbuka Zuhura alipoungua mguu kwa mafuta ya maandazi, tukaambiana asiguse mayai wala maharage, kidonda kitatunga usaha? Nikamshindisha kwa uji mweupe. Mtoto akakonda, kidonda kikagoma. Tulipolazwa hapa, muuguzi akachungulia bakuli: "Mama, kidonda nacho kinakula. Wewe unakilisha nini?" Siku hiyo hiyo nikaanza kumpa mayai na maharage.

Sasa kila asubuhi, ukungu ukipanda kutoka mtoni, wodi nzima inaelea kwenye harufu ya uji wa karanga, nami naona kama naota. Zuhura anamaliza yai, anamaliza maharage, halafu anautazama mguu: "Mama, kimeshiba?" Jana bandeji ilipofunguliwa, pembeni palikuwa na ngozi mpya, laini, ya waridi kama ndani ya pera. Daktari akaita wenzake waje waone. Mtoto wa nani? Wangu!

Basi yule tetea wangu niliyekuachia usimwache aatamie. Kila yai analotaga nitumie, kidonda bado kina njaa. Tunakukumbuka kila kijiko, dada yangu.

Mdogo wako, Mama Zuhura