Mtani Apite Uani

Mlali, 11 Juni 2006

Dada Devotha, shikamoo.

Nyanya zimekubali mwaka huu, malori ya Dar yanazifuata mpaka shambani, na mimi nimenunua simu ya mkononi. Inashika mtandao nikipanda juu ya banda la kuku.

Lile tumbo nililokuwa nakulalamikia ni saratani, iko kwenye njia ya haja kubwa. Nimeliandika haraka ili lipite. Daktari wangu kule Dar ni Mnyamwezi, mtani wetu, akanieleza njia mbili. Ya kwanza, atoboe matundu madogo tumboni, aingize kamera, akate kipande cha utumbo. Hiyo ina uhakika zaidi, lakini huenda nikabaki na mfuko wa choo ubavuni. Ya pili, apitie huku huku chini, atoe uvimbe peke yake. Tumbo haliguswi, ila uvimbe ukiwa umeota mizizi, itabidi arudie kwa matundu.

"Haya Mluguru, nipite wapi?" akauliza.

Nikamwambia, "Wageni ndio hupita mlango wa mbele. Wewe mtani, pita uani."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema uvimbe bado mdogo, uani panatosha kuanzia. Naondoka Jumatatu.

Mke wangu nilimwambia ni bawasiri. Jana, nilipoteremka bandani baada ya kumpigia daktari, akaniuliza ni bawasiri gani hiyo inayofuata kamera mpaka Dar. Nikacheka peke yangu. Leo nimefungua begi langu nitie shati, nikakuta limeshajaa kanga zake.

Mdogo wako, mgonjwa wa mtani,
Benedikto