Baba Hakulishwa Sumu

Butimba,
Mwanza.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Nathaniel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Favour na watoto. Baridi ya huko Perth imepungua? Mara ya mwisho ulisema Kevin anakohoa kila asubuhi, na Mama hajaacha kuniuliza habari ya kifua chake hadi leo. Tujulishe kama amepona.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua, lakini Jumapili anakwenda kanisani kwa miguu yake na hataki mtu amshike mkono. Shemeji yako Obedi bado yuko na kazi yake ya kuchomelea mageti. Mimi nimepewa darasa la tatu mwaka huu, watoto themanini na wawili, na sauti yangu imekuwa ya kiume.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Nilijaribu kukurekodia sauti kwenye WhatsApp mara tatu, na mara zote tatu nilianza kulia, halafu nikacheka, halafu nikafuta. Nina furaha, kaka. Juzi nimesimama ubaoni naandika hesabu, nikajikuta nacheka peke yangu, watoto wakatazamana. Kwa hiyo kaa chini, usome taratibu.

Neno lenyewe ni hili: Baba hakulishwa sumu. Hakulishwa na baba mdogo Chenge wala na mtu mwingine yeyote. Alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, na karatasi iliyosema hivyo tulikuwa nayo nyumbani Usagara miaka yote hii ishirini.

Nikueleze ilivyoanza. Mwezi wa tatu, baada ya misa, alisimama nesi mmoja anaitwa Modesta akatangaza kwamba kuna madaktari wanafanya utafiti wa saratani ya utumbo mpana. Wanatafuta familia za Kanda ya Ziwa ambazo zimepoteza mtu kwa ugonjwa wa tumbo, hasa aliyekufa kabla ya kuzeeka, ili wachunguze vinasaba vyao. Wengi walitoka kwenda kununua mboga. Mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu nilikumbuka Baba alikuwa na miaka arobaini na sita, na tunaambiwa babu naye alikufa kwa tumbo kabla hatujazaliwa.

Nilikwenda. Wakanitoa damu, wakanipa kichupa nitemee mate, wakaniuliza maswali mengi. Nesi Modesta akachukua karatasi kubwa akaanza kuchora ukoo wetu, wanaume kwa miraba, wanawake kwa duara, waliokufa wakapigwa mstari. Alipofika kwa Baba akaniuliza kama ana ndugu aliye hai. Nikamjibu hana.

Nilisema hivyo bila hata kufikiri, kaka. Ndivyo tulivyozoea kusema.

Mkuu wa utafiti anaitwa Daktari Okwach, mtu wa Rorya, mpole, anaongea kama mtu anayefundisha watoto. Nilimwonyesha kwenye simu ile karatasi yako ya mwaka jana, ile ya kampuni uliyoipelekea mate ikakujibu kwamba hatari yako ya saratani hii ni ndogo kuliko ya watu wengi. Unakumbuka uliniandikia kwamba sasa tulale usingizi. Daktari aliisoma yote, hakuidharau, lakini alitikisa kichwa.

Alinieleza hivi. Katika vinasaba vya mtu kuna sehemu nyingi ndogondogo, na kila moja inaongeza au inapunguza hatari kidogo tu. Kompyuta inazijumlisha zote, inatoa alama. Shida ni kwamba uzito wa kila sehemu ulipatikana kwa kuchunguza watu ambao wengi wao asili yao ni Ulaya. Kwa watu wetu alama hiyo inaweza kukosea, ikamwambia aliye hatarini kwamba yuko salama, au ikamtisha asiye na kitu. Akaniambia, "Mwalimu, mtu aliyejifunza samaki kwenye bwawa la sato peke yake, ukimletea furu na gogogo atabahatisha tu. Si mjinga. Hajawaona." Tena alama kama ile peke yake haijui kwamba Baba alikufa akiwa na miaka arobaini na sita. Karatasi yako haikuuliza habari za Baba, na wewe hukuiambia.

Ndiyo maana wanatukusanya, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wajaluo, Wahaya, na wenzao wanakusanya kwingine Afrika, Asia na Amerika, ili alama mpya ijumlishe watu wa kila asili. Alisema matokeo ya mwanzo yanatia moyo, alama iliyofundishwa kwa watu wa aina nyingi inabashiri vizuri zaidi kwa wote. Bado inajaribiwa, hakunificha hilo. Lakini hebu fikiria, kaka: mate yangu mimi, binti Shimba wa Usagara, yamo humo. Nilitoka pale natembea kama nimechaguliwa ubunge.

Kwangu mimi daktari hakusubiri alama yoyote. Alisema kwa historia ya Baba tu, nipimwe utumbo kwa kamera. Siku moja kabla unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, na sitakusimulia siku hiyo ilivyokwenda, ila Obedi alihamishia kiti changu karibu na mlango wa choo. Siku ya pili wakanichoma sindano ya usingizi, wakaingiza kamera. Walikuta vinyama vitatu vimeota utumboni, kimoja kikubwa kama punje ya harage. Wakavikata hapohapo. Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki mbili: si saratani, lakini kile kikubwa kilikuwa njiani kuwa saratani. Nina miaka thelathini na saba, sikuwa na maumivu wala damu wala dalili yoyote. Kingekaa kimya miaka kadhaa, halafu Mama angezika tena.

Nikiwa nasubiri majibu hayo, ule uongo niliomwambia Modesta haukuniacha. Nikaenda Usagara, nikamwambia Mama kila kitu. Akaniomba nimshushie lile sanduku la bati. Chini ya vitenge kulikuwa na bahasha ya kaki yenye karatasi za hospitali za Baba za mwezi ule wa mwisho. Tulipompeleka kuzikwa hakuna aliyezifungua. Mama alizitunza kwa sababu zilikuwa na jina la mume wake, na zimeandikwa kwa Kiingereza cha madaktari ambacho hata mimi nilishindwa kukisoma.

Daktari Okwach alizisoma kwa dakika tano. Uvimbe mkubwa kwenye utumbo mpana, umeshasambaa kwenye ini. Na chini yake, mgonjwa anasema amekuwa akitoka damu kwa miezi sita. Miezi sita, kaka! Ile sherehe ya kwa baba mdogo, ambako watu walisema ndiko alikolishwa sumu, ilikuwa wiki tatu tu kabla hajafa. Alikwenda pale tayari anaumwa na hakumwambia mtu.

Nakumbuka msiba ule kama wa jana. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba mdogo alipoinama kuchukua udongo, wewe ndiye uliyemshika mkono ukamzuia asitie kaburini. Sikulaumu. Mimi nilikuwa nyuma yako na nilitamani umsukume. Watu wazima wote walikuwa wamesema sumu, kwa sababu ya ule ugomvi wa eneo la malisho, na sisi tulikuwa watoto wao. Mwaka huohuo akahama na mkewe, na hatukuuliza alikokwenda.

Kumbe Mama alijua. Yuko Nansio, kisiwani Ukerewe.

Nilivuka mwezi wa sita, peke yangu. Kutoka Nansio mjini ni mwendo mfupi wa pikipiki hadi kwake. Nilimkuta anamenya mihogo nje na mkewe. Amekonda, kaka, na amefanana na Baba hadi nikasahau maneno niliyoyapanga kwenye meli. Nilipiga goti nikamwamkia. Alinitazama, akaitikia marahaba, akauliza mimi ni wa nani. Nikasema mimi ni Rose wa Shimba. Kisu kikasimama.

Nilimweleza yote, kamera, vinyama, bahasha, ile miezi sita. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikamuuliza, kama nilivyoagizwa na Modesta nilipomkiria ule uongo wangu, kama naye ana tatizo lolote la tumbo. Alichukua muhogo mwingine. Mkewe ndiye aliyesema kwamba anatoka damu chooni tangu mwaka jana, na amekataa katakata kwenda hospitali, anasema ni bawasiri. Ndipo baba mdogo mwenyewe akafungua kinywa.

"Ningekwenda niseme nini?" alisema. "Watu wa kwetu wakisikia naumwa kama Shimba, watasema sumu imemrudia mwenyewe."

Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele yake. Mtu alikuwa tayari kufa kimya ili tu asithibitishe uongo wetu.

Kesho yake tukavuka pamoja. Nisikuchoshe na ya hospitali. Kamera ilikuta uvimbe, na safari hii ulikuwa saratani yenyewe, lakini haijatoka nje ya utumbo. Walimpasua mwezi wa saba, wakakata kipande kile, wakaunga. Majibu ya karibuni yanasema tezi za jirani ni safi, na daktari amesema anatarajia apone. Sasa yuko hapa nyumbani kwetu Butimba, anakula uji wa ulezi, ameanza kunigombeza kwamba migomba yangu nimeipanda karibukaribu mno. Wanawe wanne wote wamepimwa damu, na wawili wakubwa wanasubiri kamera.

Ngoja nikusimulie siku Mama alipokuja wodini. Nilimwogopa, unajua Mama asivyopenda kuinama kwa mtu. Alisimama mlangoni na kapu lake, baba mdogo akageuza uso ukutani. Mama akasogea, akavuta stuli, akatoa bakuli akaanza kumnywesha mchuzi wa samaki kwa kijiko. Walifika katikati ya bakuli. Kisha Mama akamwambia, "Chenge, nilikuonea. Nilimlilia mume wangu, nikataka awepo wa kulaumiwa." Baba mdogo akajibu kwamba yeye naye alimlilia kaka yake, ila alimlilia kule Nansio. Wakamalizia mchuzi.

Wiki iliyopita nesi Modesta alileta ule mchoro wa ukoo, umeandikwa upya. Baba mdogo yumo, na mkewe, na watoto wao wanne waliozaliwa huko Nansio, ambao mimi na wewe hatukuwa tukiwajua majina. Nakutumia nakala yake ndani ya bahasha hii, pamoja na barua ya Daktari Okwach kwa Kiingereza, uipeleke kwa daktari wako huko. Babu, Baba, baba mdogo na mimi, vizazi vitatu. Wanachunguza pia kama kuna kinasaba kimoja kikubwa kinachotembea katika ukoo wetu, jambo ambalo ile alama yako haikulitafuta. Majibu yake bado.

Sasa nakuja kwako, na hapa sina mzaha. Una miaka arobaini na mitatu. Baba ugonjwa ulimwanza kabla hajafika arobaini na sita. Ile karatasi ya hatari ndogo iweke kando, usiitupe, lakini usiilalie. Mwambie daktari wako habari ya Baba, habari yangu na habari ya baba mdogo, uombe kipimo cha kamera. Ni siku mbili za taabu, na moja unalala usingizi. Wifi Favour, kama mnasoma pamoja, naomba umsimamie; namfahamu kaka yangu, atasema kazi za mgodini zimembana.

Jana nilimwambia baba mdogo kwamba ninakuandikia. Nilimuuliza kama angependa nikuambie uombe msamaha, kwa sababu nilijua utakapofika hapa kwenye barua utakuwa na mzigo huo kifuani. Aliniuliza kwanza una watoto wangapi na wanaitwa nani. Nikamtajia. Kisha akasema, "Mwandikie apime kwanza. Habari za msiba tutazungumza, lakini nataka nizungumze na mtu aliye hai."

Namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya mchoro. Asubuhi huwa yuko kibarazani, na simu anaipokea mwenyewe.

Mama anakusalimu sana, anasema umpige picha Kevin akiwa amevaa sweta. Obedi anakusalimu, na baba mdogo Chenge na mkewe wanakusalimu, na wadogo zako wa Nansio, Masele, Getruda, Yakobo na Paskazia, wanataka kuiona sura yako. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, ayalinde na yaliyo ndani ya miili yenu msiyoyaona.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Rose Shimba