Tuta la Nyuma ya Bafu

Jumatatu, 3 Februari

Ester amekula udongo tena. Sasa hivi tu. Nilikuwa nachuma mchicha kwenye tuta la nyuma ya bafu, nikageuka, mdomo mweusi mpaka kidevuni, anacheka. Nimeutoa kwa kidole. Kaniuma. Ana meno nane, yote makali.

Mama mkwe anasema watoto wote wa ukoo huu walikula udongo na wamekua. Sawa.

Mchicha wenyewe hautamaniki. Majani ya manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Samadi nimeweka mara mbili. Matuta mengine hayana shida. Hili tu.

Baba Ester karudi kutoka kupulizia nyanya bondeni. Nimesuuza bomba lake kama kawaida, maji nikamwaga pale pale tutani. Mrututu na chokaa, dawa ya ukungu. Maji ya bluu, mazuri kama sare ya shule. Labda na mchicha utapona.

Jumanne, 4 Februari

Nimefukua tuta nione kama kuna funza. Nimepata kikuku. Waya wa shaba uliosokotwa, umeshika kutu ya kijani. Huku tukilima tunaokota vitu, shanga hasa, maana njia ya misafara ilipita kwenye shamba hili.

Mama mkwe hakutaka kukigusa. "Mayu, mama, rudisha ulipokitoa. Hicho kina mwenyewe."

Nikamwambia mwenyewe alishafika Ujiji zamani. Hakucheka. Kasema ndiyo maana mboga zinakufa.

Nimeogopa kidogo. Nimekifunga kwenye kitambaa.

Alhamisi, 6 Februari

Bibi shamba kapita na pikipiki yake kukagua nyanya. Binti mdogo kuliko mimi. Nikamwonyesha mchicha, nikamwonyesha na kikuku. Kakigeuza, kanirudishia.

"Dada, kiwaya hiki hakiwezi kuua tuta zima. Hapa huwa unamwaga nini?"

Nikamwambia. Maji ya bomba. Tangu niolewe, miaka minne, kila baba Ester anapopulizia.

Kang'oa mche mmoja, kaufuta kwenye kanga yangu. Mizizi mifupi, minene, ya kahawia, kama vidole vilivyokatwa. Kasema mrututu ni shaba. Hauozi. Mvua haiuondoi. Nimekuwa naurundika tu.

Nilimwaga pale makusudi. Mbali na kisima, mbali na mkeka wa mtoto. Ester alikuwa hajaanza kutembea. Na nilidhani dawa inayoponya mmea mmoja haiwezi kuua mwingine. Nani angedhani?

Nikauliza habari ya mboga. Ester nimemwachisha ziwa kwa mchicha ule. Kasema mche ukizidiwa na shaba unaikamata huko huko mizizini, unaizuia isipande. Juu inafika kidogo tu. Majani yamekuwa manjano kwa njaa, maana mizizi imeumia, haiwezi kutafuta chakula. Mara nyingi mche unakufa kabla haujamdhuru mlaji.

Nilifungua mdomo nimshukuru. Ndipo nikakumbuka.

"Anakula udongo," nikasema. "Wa hapa hapa."

Uso ukambadilika. Kasema twende zahanati, sasa. Katubeba mwenyewe, mimi na mtoto, kanga bado ina matope.

Nesi kamtazama macho, kamminya tumbo. Ametapika? Hapana. Anaharisha? Hapana. Kachukua damu, inapelekwa Tabora mjini. Majibu Jumatatu. Ester alilia kwa sindano, halafu akamwomba nesi kofia yake.

Sijala.

Ijumaa, 7 Februari

Namfuata kila anapokwenda. Kakasirika.

Baba Ester hajanilaumu. Afadhali angenilaumu. Kakata miiba tangu alfajiri, anazungushia tuta.

Si kikuku. Si mtu mbaya. Ni mimi, na ndoo yangu.

Jumatatu, 10 Februari

Majibu yamekuja. Ini zima, shaba haijalidhuru. Nesi kasema, "Mama Ester, pumua." Nimekaa sakafuni mbele za watu. Mwezi ujao tumrudishe aangaliwe tena, na udongo marufuku.

Mama mkwe alilia. Alipomaliza kulia akasema kikuku kirudishwe hata hivyo. Nimekirudisha. Hakuna ninachopungukiwa.

Jumatano, 12 Februari

Kumetulia. Mvua ya asubuhi imekatika.

Mchicha wote umekufa isipokuwa mche mmoja. Pembeni mwa tuta ukoka umestawi kama kawaida yake, bibi shamba anasema ukoka huwa unazoea hata udongo mbaya. Ule mche mmoja sikuung'oa. Una majani manne. Muda wote ule ulikuwa unazuia kile nilichokuwa naumwagia kwa mikono yangu, na mimi nausema kwamba hautamaniki.

Nimeotesha mchicha mwingine upande wa pili wa nyumba. Ester namfundisha kila siku: udongo mpe mama. Udongo mpe mama. Leo kachota konzi kwenye tuta jipya. Kauangalia. Kaniangalia mimi. Mkono ukaenda mdomoni, ukasimama njiani. Halafu kaja nao mpaka kwangu, kaumimina kiganjani, kanionyesha na kucha ili nitoe uliobaki.

Sijui kaelewa au ni mchezo. Nimeushika udongo ule mpaka ukapata joto. Nataka niandike vizuri alivyonitazama, maana siku moja atakuwa mkubwa na nitam...

Baba Ester ananiita kutoka bondeni. Kamaliza kupulizia, anauliza maji ya kusuuzia bomba ayamwage wapi.